Maneno Chini ya Rangi Nyekundu

Kitabu cha historia ya klabu ya matrekta ya zamani kina kurasa arobaini, karatasi ya kuteleza, picha za rangi. Kiliwekwa juu ya kila kiti siku ya maonyesho, Novemba mwaka 2004, na mimi nilikaa na cha kwangu mapajani nikitazama picha tu, kwa sababu kimeandikwa Kiarabu cha ofisini. Tuliporudi nyumbani binti yangu Noof alinisomea chote, kisha nikamwambia arudie, nikidhani ameruka mahali. Hakuruka. Jina la mume wangu Marhoon halimo. Ukurasa wa tano kuna picha ya trekta la kijivu na wazee wamelizunguka, na pembeni, pale picha ilipokatwa, kimebaki kiwiko cha mtu. Kiwiko kile nimelala nacho miaka thelathini na moja. Nakijua.

Basi historia naandika mimi. Naandika kwa Kiswahili, na atakayetaka kujua nimesema nini juu yake atafute wa kumsomea.

Marhoon alizaliwa Wete, Pemba, akajifunza ufundi kwenye matrekta ya idara ya kilimo. Tulipohamia Maskati, nchi ya babu zetu, mwaka 1975 mizigo yetu ilikuwa sanduku moja la nguo na mkoba wa spana, na mkoba ndio uliokuwa mzito. Akapata kazi gereji ya serikali huku Wattaya, akafanya kazi miaka zaidi ya ishirini chini ya magari ya watu wengine. Si msemaji. Ukimuuliza jambo, kwanza atafuta mikono, ndipo ajibu. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akikaa uani na ndimu na chumvi akisugua kucha mpaka ziwe nyeupe, kwa sababu hakutaka kusimama msikitini na grisi. Nalisema hili ili ijulikane ni mtu wa namna gani waliyemkata kwenye picha.

Mwaka 1993 tulikwenda Barka kuhani. Tukiwa njiani kurudi, akasimamisha gari penye shamba la mitende, akashuka, akaingia ndani bila kuniambia neno. Nikamfuata. Katikati ya mitende kulikuwa na trekta la kijivu limezama matopeni hadi nusu ya magurudumu, na juu ya kiti kuku ameatamia. Mwenye shamba, mzee Musallam, akasema amelikuta hapo tangu enzi za baba yake, na atakayelitoa atamfanyia hisani maana linamzuia kupanda. Wiki ile ile likaja uani kwangu juu ya lori. Nilikwenda kuhani nikarudi na mke mwenza.

Alilifungua lote. Miaka mitatu nilianika nguo baina ya vyuma. Vipuri vingine alivichonga mwenyewe, vingine aliviagiza kwa wasafiri, na siku moja ya mwaka 1996 likanguruma. Marhoon akakaa chini sakafuni akalia. Mimi nilicheka, halafu na mimi nikalia.

Sasa nieleze jambo moja la ufundi, kwa sababu kila kitu kinarudi hapo. Trekta lile linakula mafuta ya aina mbili. Unaliwasha kwa petroli, na likishapata moto unageuza koki, linakwenda kwa mafuta ya taa. Lakini kabla hujalizima ni lazima urudishe koki kwenye petroli, usubiri dakika chache, ndipo ulizime. Ukilizima likiwa bado linanywa mafuta ya taa, yanabaki kwenye kabureta, na kesho yake hata uite mtaa mzima halikuwakii. Mafuta ya taa hayashiki moto kwenye injini baridi. Basi Marhoon akachukua brashi ndogo akaandika juu ya koki, kwa rangi nyeupe na kwa mkono mzuri aliofunzwa skuli ya Wete: WASHA KWA PETROLI. KABLA HUJAZIMA RUDISHA PETROLI.

Aliandika kwa sababu ya marafiki zake. Walikuwa watatu, wote watu wa kwetu, na Hamdan ndiye mkubwa wao. Walianza kuja Ijumaa baada ya sala kula wali na kutazama trekta, na kila mmoja akaenda kujitafutia la kwake kwenye mashamba ya Batina. Mwaka 1997 yalikuwa matrekta manne. Wakawa wanatoka msafara, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, wakipita mbele ya maduka ya magari mapya, na wauzaji wa magari wanatoka nje kuwapigia makofi. Mimi nilikaanga vitumbua vya klabu ile kabla haijaitwa klabu. Hilo nalo kitabuni halimo.

Yaqdhan akaja mwaka 1998. Kijana wa serikalini, kanzu yake ya dishdasha imenyooka, kilemba kimefungwa kwa hesabu, na trekta la babu yake lisilowaka. Mama yake kazaliwa Unguja, kwa hiyo kila akiingia kwangu alikuwa akisema anafahamu Kiswahili chote, ila tu hakizungumzi. Marhoon akamtengenezea trekta lake. Kisha Yaqdhan akasema jambo zuri kama hili linataka kusajiliwa, liwe klabu yenye uwanja na muhuri, na karatasi zote atashughulikia yeye. Wazee wakafurahi. Siku ya Ijumaa akaja na karatasi nne zilizopigwa chapa, akaziweka mbele ya Marhoon, akampa na kalamu.

Hapa ndipo palipoharibika, na ni vigumu kumweleza mtu asiye wa kwetu. Marhoon anasoma Kurani. Anaisoma vizuri mpaka watu wanamtanguliza Ramadhani. Lakini msahafu una irabu zote, na maneno yake ameyajua tangu utotoni. Barua ya ofisi haina irabu, na Kiarabu chake ni kingine kabisa. Sisi tuliokuja kutoka Zanzibar tukiwa watu wazima, Kiarabu tulikiokota sokoni na kazini. Alipofika mwanzo, kwenye dirisha la ofisi moja, karani alimwambia mbele ya watu kwamba Mwarabu gani huyu asiyejua kusoma jina la kabila lake. Tangu siku ile hakukiri tena mbele ya mtu kwamba hajui. Akipewa karatasi, macho yake yanashuka kutoka juu hadi chini taratibu, kichwa kinakubali, kisha anaiweka mfukoni na kuniletea, nami namngoja Noof atoke skuli.

Siku ile wenzake wote walikuwa wanamtazama. Macho yakashuka, kichwa kikakubali, akatia saini. Mfukoni hakikubaki kitu cha kuniletea.

Miaka minne hatukujua. Klabu ikapata uwanja Bawshar, trekta la kijivu likapelekwa huko kwa kuwa kuna banda, na Marhoon akawa anakwenda kulihudumia. Mwaka 2002 Noof aliposwa, baba yake akataka kumtoa bibi harusi na trekta, wazo la kijinga ambalo sote tulilipenda. Akaenda Bawshar kulichukua. Getini kulikuwa na mlinzi, Ulimboka, kijana wa Mbeya, mtu mwenye adabu. Akamwamkia shikamoo, akamwambia kwa uchungu, "Mzee wangu, nisamehe. Nimeambiwa mali ya klabu haitoki bila kibali cha mwenyekiti."

Marhoon akamwambia si mali ya klabu. Ulimboka akaingia ofisini akarudi na nakala. Noof akaisoma siku ile usiku, mezani kwangu, na sauti yake ikawa inapungua. Ilisema kwamba Marhoon ameitolea klabu trekta lake kwa hiari yake, bila sharti, na kwamba mwasisi na mwenyekiti ni Yaqdhan. Chini saini ya baba yake, nzuri, ya herufi za skuli ya Wete.

"Nimetia saini mwenyewe," akasema Marhoon. Akaenda kulala. Hakusema zaidi, si kwa Yaqdhan, si kwa Hamdan, kwa sababu kulalamika kulikuwa ni kukiri kwamba hakuisoma.

Mimi sikulala. Nilimwombea Yaqdhan dua ambazo sitaziandika. Mama yake, Bi Nasriya, alipofiwa na kaka yake sikwenda kuhani, na kwetu hilo si jambo dogo. Nilikutana naye dukani Matrah akaninyoshea mkono, nikajitia kuchagua vitambaa. Watu wakasema Masouda ana roho ngumu. Niliposikia nilifurahi.

Marhoon hakulihudumia tena, lakini trekta liliendelea kuwaka miaka miwili iliyofuata kwa sababu moja tu. Ulimboka alikuwa akijua kusoma Kiswahili. Kila wakilitoa msafarani, yeye ndiye aliyeliwasha na kulizima, akifuata yale maneno mawili matatu juu ya koki. Mwanzoni mwa 2004 mkataba wake ukaisha akarudi kwao. Kabla hajaondoka alikuja kutuaga, akasema amewaeleza wenzake habari za mafuta lakini hakuna aliyemsikiliza.

Halafu Yaqdhan akaamua kulipaka rangi. Maonyesho makubwa yalikuwa yanakuja, mgeni rasmi anakuja, na trekta la kijivu lilimtia haya. Akataka jekundu. Fundi wa rangi alimuuliza afanye nini na maandishi, naye akasema yafunike kwa rangi, yanafanya trekta lionekane kama mlango wa gereji. Hayo alituhadithia Hamdan, aliyekuwepo. Marhoon alikwenda kutazama akasimama nje ya ua, akarudi, chakula cha mchana hakukigusa.

Jioni yake akavaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kumwambia Yaqdhan habari za koki, maana sasa hakuna wa kuwaambia, na wataiua injini. Ndivyo alivyo. Mtu kamnyang'anya, naye anaionea huruma injini.

Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Ukenda kumwambia, usirudi hapa. Nnaapa."

Alinitazama. Akavua viatu. Kama ni dhambi basi ni yangu, na sijaitubia.

Siku ya maonyesho ilikuwa baada ya alasiri. Viti vimepangwa, wanawake upande wao na wanaume wao, vitabu juu ya viti. Siku moja kabla walikuwa wamefanya mazoezi, na mimi nilipouliza kwa upole wakaniambia trekta lilikwenda vizuri sana, wamelizungusha uwanja mara mbili wakalizima hapo hapo. Niliposikia "wakalizima hapo hapo" nikatafuta kiti cha mbele.

Trekta jekundu lilikuwa la kwanza kupita. Dereva akabonyeza. Likakohoa. Akabonyeza tena, na tena, mpaka batri ikaanza kulegea na sauti ikawa kama mtu anayeguna usingizini. Harufu ya mafuta ya taa ikatufikia mpaka kwenye viti. Mgeni rasmi akatazama saa. Yaqdhan akashuka jukwaani, na joho lake, na jambia lake kiunoni, akachukua hendeli akaanza kuizungusha mwenyewe kwa mbele. Alizungusha hadi kilemba kikamwendea upande. Wakaja wanne kusukuma. Nilijifunika shela uso mzima nikacheka, mabega yananitetema, na mama mmoja pembeni yangu akadhani nalia akanipa leso.

Kisha nikamtazama Marhoon upande wa pili. Alikuwa kiti cha nyuma, mgongo umenyooka, na mkono wake wa kulia juu ya goti ulikuwa unageuza. Vidole viwili, robo mzunguko, vinageuza koki isiyokuwepo. Kila Yaqdhan akizungusha hendeli, vidole vile vinageuza. Alinyanyuka. Akanitafuta kwa macho kati ya wanawake wote wale, akanipata. Nikatikisa kichwa. Akakaa.

Walilivuta na pikapu mpya wakaliondoa mbele ya watu wote. Furaha ile nilikuwa nimeichemsha miaka miwili, na niliila yote, lakini usiku vidole vya Marhoon vilikuwa bado vinacheza juu ya shuka.

Baada ya siku tatu Yaqdhan akabisha hodi kwangu. Mafundi wawili wameshindwa, na maonyesho mengine yako baada ya siku kumi. Nilimkaribisha kwa kahawa na halua, maana nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeandika karatasi yangu. Kwa Kiswahili, kwa khati safi, ukurasa mzima: kwamba trekta ni la Marhoon, kwamba Yaqdhan alilichukua kwa hila, kwamba yeye ni mwizi wa mzee aliyemlisha, na kwamba analirudisha leo kwa hiari yake, bila sharti. Hesabu yangu ilikuwa ndogo. Mtu aliyejisifu miaka sita sebuleni kwangu kwamba anafahamu Kiswahili chote hatakubali kuaibika. Macho yatashuka, kichwa kitakubali, atatia saini. Nikamwambia Marhoon atamtengenezea, ila kwanza atie saini hapa, ni makubaliano tu. Nikampa na kalamu.

Akaishika ile karatasi. Akaitazama juu. Kisha akainyoosha kwa Marhoon akasema kwa Kiarabu, bila hata kubadilika uso, "Ami, mimi hii sijui kuisoma. Nisomee."

Alisema kama mtu anayeomba maji.

Marhoon aliduwaa kama aliyepigwa kibao. Nikanyosha mkono niisome mimi, na Mungu anisamehe, ningeisoma vingine. Lakini akaichukua yeye. Akasoma mstari kwa Kiswahili, kisha akautafsiri kwa Kiarabu chake cha gereji, neno la mwanamume akilifanya la mwanamke na la mwanamke la mwanamume, mstari mmoja baada ya mwengine. Hakuruka. Alipofika kwenye "mwizi" alisita, akanitazama, akasema neno hilo kwa Kiarabu, wazi.

Yaqdhan hakucheka Kiarabu kile. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Halafu akauliza, "Ami, kwani ile karatasi ya kwanza hukuielewa?"

"Sikuweza kuisoma," akasema Marhoon. Ilimchukua miaka ishirini na tisa kulisema katika mji huu.

"Ungesema," akasema Yaqdhan.

Neno lile nimelichukia kuliko karatasi, kuliko rangi nyekundu, kuliko kiwiko. Nimeligeuza kila upande nitafute uongo ndani yake. Uongo upo, maana aliyeleta karatasi ndiye aliyepaswa kuisoma kwa sauti, na aliyaona macho ya mzee yakishuka akajua, au hakutaka kujua. Lakini lilikuwa neno rahisi hivyo, na yeye ametoka kutuonyesha namna linavyosemwa. Nikamwambia anywe kahawa yake aende.

Akaondoka na karatasi yangu mfukoni. Ijumaa akarudi, wazee wote wapo, Hamdan na wenzake, sinia la wali bado halijaondolewa. Safari hii alileta karatasi ya Kiarabu yenye muhuri. Akaiweka mbele ya Marhoon na kalamu juu yake, pale pale alipoweka zile za mwaka 1998.

Marhoon alifuta mikono. Macho hayakushuka. Akaisukuma ile karatasi kwa kidole, sauti yake ikasikika mpaka jikoni nilipokuwa.

"Mimi hii sijui kuisoma. Nisomee."

Hamdan akaacha kutafuna. Yaqdhan akasoma: kwamba Marhoon ndiye aliyelitoa trekta la kwanza shambani Barka na kulifufua kwa mikono yake, kwamba ndiye mwasisi wa klabu, kwamba jina lake liliachwa katika kitabu kwa makosa ya mwenyekiti, na kwamba trekta linarudi kwake. Alipomaliza akasogeza kalamu.

"Rudia," akasema Marhoon.

Akarudia. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia. Marhoon akamwambia sasa amesikia, ila mambo ya karatasi hayataki haraka, aje Ijumaa ijayo amsomee tena.

Mkono wangu haumo katika hilo. Lilitoka kwake mwenyewe, kutoka mahali ambapo mimi mkewe sikujua kama papo. Maonyesho ya pili yakapita, trekta jekundu limefunikwa turubai. Yaqdhan akaja Ijumaa ya pili, akasoma mbele ya wazee. Akaja ya tatu, na Marhoon akaalika majirani. Nilikaanga vitumbua kama zamani, na kila Yaqdhan akifika kwenye "makosa ya mwenyekiti" nilikuwa natoka na birika kumwongeza kahawa, ili asimame hapo.

Ijumaa ya nne Marhoon alitia saini. Jumamosi asubuhi alikwenda Bawshar, akamwaga kabureta, akakausha plagi, akafungua petroli, na trekta likawaka papo hapo. Kisha akakaa na wembe akikwangua rangi juu ya koki taratibu, mpaka yale maneno meupe yakatoka, yamepungua kidogo, lakini yanasomeka.

Wananiuliza kama nimemsamehe Yaqdhan. Sijamsamehe. Kitabu kilichapwa upya na jina limo, lakini picha ile ile, kiwiko kile kile. Ninapoghadhibika naikumbuka Ijumaa ya nne. Siku ile Yaqdhan aliishika karatasi mkononi lakini hakuitazama. Alitazama ukutani akaisema yote, tangu Barka hadi muhuri, na jina la Marhoon na la baba yake na la babu yake, neno kwa neno. Alikuwa ameshaihifadhi.